Njia ya misafara Bagamoyo–Ujiji: mbona mpagazi hayumo?

Mleta mada:
Wadau, salaam. Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia ya Bagamoyo hadi Ujiji kwenye orodha ya awali ya UNESCO, ikisubiri kupendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Ni kama kilomita 1,200, na vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Imeandikishwa kama njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu.

Sikatai kwamba watumwa walipita. Ninachokataa ni simulizi yenye watu wa namna mbili tu, mtumwa mwenye mnyororo shingoni na Mzungu mwenye daftari. Mpagazi yuko wapi?

Maana huyo ndiye aliyeijaza njia. Wanyamwezi walishuka pwani kiangazi kwa ujira waliopatana, begani mzigo wa frasila (kipimo cha zamani cha uzito) mbili hivi, kilo thelathini na ushee, na juu yake mkeka na sufuria yake mwenyewe. Kirangozi, kiongozi wa msafara, mbele, ngoma inalia. Wakidhulumiwa posho walibwaga mizigo, au kukikucha hawapo. Walipita kwenye matope ya Makata, wakaikata nyika ya Marenga Mkali bila tone la maji, wakakaa Ugogo siku nzima nzima huku mwenye msafara akibishania hongo, yaani ushuru wa kupita, na watemi, kisha pori la Mgunda Mkali, kisha mto Malagarasi, ambako Wavinza walishika vivuko na hakuna aliyepanda mtumbwi bila kulipa.

Leo nenda Kwihara, karibu na Tabora: makumbusho ni ya Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mwingereza aliyekaa pale miezi michache tu mwaka 1872. Nenda Ujiji: Livingstone tena, na Stanley wake, mwandishi wa gazeti aliyekuja kumtafuta. Ukiuliza watumwa wengi waliofikishwa Zanzibar walitoka wapi, wengi walitoka kusini, upande wa Ziwa Nyasa, wakapitia Kilwa. Njia hii ya kati ilikuwa ya pembe kwanza. Napendekeza isajiliwe upya kama njia ya wapagazi.

Mchangiaji wa Ujiji:
Mkuu, taratibu. Huku kwetu kuna familia zenye asili ya Umanyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo ya leo, na si zote zilivuka kwa hiari. Soko la watu lilikuwepo hapa hapa. Ukisema "pembe kwanza" unasahau kwamba bunduki zilizoua tembo huko Manyema ndizo zilizochoma vijiji. Mwaka 1873 soko la Zanzibar lilifungwa, lakini bara utumwa uliendelea. Wajerumani waliuacha uendelee kisheria, ukafutwa Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Hiyo si zamani. Tusije tukafuta neno watumwa ili watalii na sisi wenyewe tujisikie vizuri.

Mwalimu, Tabora:
Nakubaliana na wa Ujiji, na naongeza jambo ambalo Wanyamwezi wenzangu hawapendi kulisikia. Wapo wapagazi na wafanyabiashara wa kwetu ambao faida ya safari walinunulia watumwa, ili wawalimie nyumbani wao wakiwa njiani. Kwa hiyo huwezi kuwaweka mpagazi upande huu na mtumwa upande ule kama timu mbili za mpira. Wengine walikuwa watumwa *na* wapagazi, bwana akichukua sehemu ya ujira.

Lakini kwenye hoja ya Livingstone niko na mleta mada mia kwa mia. Livingstone mwenyewe alifia Chitambo mwaka 1873, Zambia ya leo, na waliombeba ni watumishi wake, kina Susi na Chuma. Walipofika Unyanyembe, eneo hili la Tabora na Kwihara, walimkuta Cameron, ofisa Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, akawashauri wamzike palepale. Wakakataa. Wakamfikisha Bagamoyo Februari 1874. Hiyo ndiyo habari kubwa ya Kwihara kwangu mimi, wala haihitaji kupambwa.

Mchangiaji mwingine:
Mnabishania jina la njia ambayo haionekani! Sehemu kubwa ni mashamba, barabara na reli. Reli ya Mjerumani iliyofika Kigoma 1914 ndiyo iliyomaliza kazi ya upagazi, ikifuata uelekeo uleule. Urithi wa Dunia unataka kitu cha kuhifadhiwa. Bagamoyo ina majengo. Mamboya ina nini cha kumwonyesha mtu? Hela ni kidogo, ziende Bagamoyo.

Mleta mada:
Mwalimu, hilo la watumwa wa Unyamwezi nalipokea, na linafaa liandikwe Kwihara kwenyewe, ukutani. Wa Ujiji, neno watumwa libaki. Nadai jina la pili liongezwe pembeni yake.

Kwa ndugu anayetaka hela ziende Bagamoyo sikubali kabisa. Hela zikiishia pwani, ndiyo yaleyale ya miaka yote: msafara unaanza na kuishia ghorofani kwa mwenye mali. Na njia haihitaji ukuta wa mawe. Tangu 2024 treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, inafika Dodoma, na ikiendelea itapita Manyoni, Tabora hadi Kigoma. Kila stesheni iwe na ubao: hapa misafara ilitoza au ilitozwa nini, ilikunywa maji wapi, nani alibeba. Uvinza iwe na ubao wa chumvi yake, iliyosafiri mbali kuliko wageni wengi waliokuja kuiandika. Gharama yake haifiki hata ukarabati wa paa moja la Bagamoyo.

Mchangiaji wa Ujiji:
Ubao sawa. Ila maneno ya ubao wa Ujiji tuandike sisi, na la Manyema litangulie.