Naomba ushauri: faini kapigwa mtoto, anayelipa ni mama

Habari zenu wakuu. Mpwa wangu wa miaka 15 alivunja kioo cha gari la watu. Mahakama ikaamuru alipe fidia, na juu yake faini. Fidia siipingi, mwenye gari kaumia. Ila faini? Dogo hana hata senti. Anayehangaika ni dada yangu, risiti anazikunja na kuzificha kwenye kava la simu. Mkosaji mwenyewe usingizi mnono!

California kuanzia 2018 waliacha kuwatoza wazazi ada za mahabusu na uangalizi wa watoto waliopatikana na makosa, fidia ikabaki. Sasa, naweza kuomba faini igeuzwe kazi za jamii, au ilipwe kidogokidogo? Barua aandike mzazi au lazima wakili? Mwisho wa kulipa ni Ijumaa ijayo.