Naomba ushauri: ninunue fleti hii ya kando ya mto?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijalipa malipo ya awali ya fleti iliyo ghorofa ya tatu, kando ya mto, katika eneo lililokuwa la maghala na viwanda ambalo sasa linaendelezwa upya. Mandhari yake, nakiri, imeniteka, na ndiyo maana siiamini sana akili yangu kwa sasa.

Hofu yangu kubwa ni maji. Si rahisi mafuriko kufika ghorofa ya tatu, lakini pampu, swichi kuu za umeme na mitambo ya lifti vimewekwa chini kabisa ya jengo, kwa hiyo mto ukifurika hata sisi wa juu tutabaki gizani, na gharama za matengenezo tutagawana wamiliki wote. Je, kampuni ya bima ikikataa kukinga mafuriko, au ikidai ada kubwa mno, benki itakubali kunikopesha, na siku nikitaka kuuza nitampata mnunuzi?

Kuna pia kiwanja kitupu kati ya jengo na mto. Muuzaji anasema kitakuwa bustani, ila katika mkataba sikuliona neno hilo. Aidha, ardhi iliyowahi kubeba viwanda huweza kuwa na mabaki ya sumu. Ni nani hasa anayepaswa kunionyesha vipimo vya udongo?

Kwa mliowahi kununua katika maeneo ya namna hii, maduka, usafiri na shule vilichukua muda gani kufuata majengo? Na je, ni busara nipange humo mwaka mmoja kwanza, hata kama bei itapanda?