YULE BWANA WA CHUPA DARAJANI SABAKI ANATUONA MAFALA??

TafiWaShela: Nimetoka huko sasa hivi, mikono yatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Tumbo lafika kwenye mkutano, mwenyewe bado yuko njiani. Tumeanikwa juani tangu asubuhi, kaja, kasimama katikati ya daraja, kaanza: "Nyinyi watu wa huku chini ndio mnaoua mto huu." Huku anakunywa maji ya chupa. Kamaliza. Kafunga kifuniko taratibu, kwa adabu. KAITUPA MTONI. Na hotuba inaendelea!!

Sisi! Uchafu wa Nairobi waingia Athi, Athi yashuka Ukambani ikikomba udongo wa mashamba yasiyobaki mti, yakutana na mto Tsavo, yaitwa Galana, ndio yatufikia sisi ikiitwa Sabaki. Tuko mwisho wa sinia, twaletewa makombo kisha twaulizwa nani kala.

Mvua ikipiga bara, bahari yetu nyekundu. Kaskazi ikivuma ndio balaa, tope lote lasukumwa kusini, lafunika matumbawe, yakosa jua, yafa. Na hapo Malindi ni hifadhi ya bahari tangu 1968! Yalindwa na nani, na mwenye chupa? Jamani, alifunga kifuniko KWANZA.

Mambrui_Kwetu: Sema ukweli, ulifuata fulana na soda. Soda zimeisha ndio umekumbuka matumbawe.

TafiWaShela: Fulana yenyewe hainipiti kichwani. Hiyo si hoja. CHUPA!

MkulimaGarashi: Chupa moja tu walia? Elinino ya 2023 mto uliingia shambani bila hodi, ukaondoka na mahindi. Kiangazi nacho ni kibaya zaidi: maji machache, taka zile zile, wachota supu. Na viboko hawajali msimu, mchicha wangu waujua kuliko mke wangu.

Bi_Mkomani: Shukuruni muna mto. Sisi Amu tuna mavi ya punda kila kichochoro, mvua ikinyesha yote baharini.

PundaNiMzee: Punda kakukosea nini, bi? Mchanga wa nyumba yako ulibebwa na nani, na ndege?

Bi_Mkomani: Ulibebwa na punda, na risiti aliniachia mlangoni.

TafiWaShela: Tusitoke kwenye mada. Alikuwa amesimama HIVI, akainua mkono HIVI

Mambrui_Kwetu: Tumeona, shekhe. Keti unywe maji.

JirondeMoto: Anywe maji gani? Maji yanavutwa Baricho, hapa hapa Sabaki, yaenda mpaka Mombasa. Mfereji wangu mimi watoa hewa. Na bili imekuja!

MkulimaGarashi: Yako imekuja ya hewa tu? Mimi nimetozwa na ya maji taka, na choo changu ni cha shimo.

Bi_Mkomani: Hiyo ya hewa umelipa?

JirondeMoto: Sijalipa. Leo wamekuja kukata.

PundaNiMzee: Kukata nini sasa?

JirondeMoto: Hewa.