Umedarizi juu ya kitambaa cha maua, umemaliza, halafu hujui ushone nini? Tupeane uzoefu

SindanoButu:
Wakuu, salaam. Jana nilikuwa napanga kabati, nikakutana na kile kitambaa. Wenye ugonjwa huu mnakijua. Ulikinunua kwa ajili ya maua yake, ukasema hapa sihitaji hata kuchora, maua yameshachapwa, kazi yangu ni kuyafuata kwa sindano tu. Ukaanza na jani moja. Miezi 7 baadaye una mita moja na nusu ya kitambaa, upande mmoja mzito kama zulia, na hujui kitakuwa nini. Foronya? Mkoba? Pazia? Kukikata naogopa, kukirudisha kabatini naona aibu. Leteni visa vyenu: mliishia kushona nini, na nani alijuta.

MamaPacha:
Umenigusa. Mie ninavyo viwili.

Kisiki:
Nimekaa mkao wa kula.

BintiBitana:
Aliyejuta ni mimi. Changu kilikuwa na ndege wamekaa kwenye matawi, wote vichwa juu. Nikawadarizi mmoja mmoja: vifua kwa mshono wa kujaza, mabawa kwa mnyororo, macho kwa vifundo. Ndege 19. Kisha nikaamua mkoba, ule rahisi wa kipande kimoja kirefu, unakunja katikati, unashona ubavu huku na huku, basi. Nikashona, nikatia bitana, nikaweka mishikio. Nageuza upande wa pili, ndege wote wamesimama kwa vichwa. Nilikaa chini kabisa, sakafuni.

Kitambaa chenye juu na chini hakikunjwi, kinakatwa vipande viwili na kuunganishwa pale kitakoni. Nalijua hilo sasa. Mkoba ninao, natembea upande mzuri ukiwa nje, ule mwingine nimeubana ubavuni. Mwanangu anauita mkoba wa popo.

Kisiki:
Mkoba wa popo hahahaha. Nimecheka mpaka nimejichoma sindano.

FundiCherehani:
Matatizo mnayatafuta wenyewe. Amua kwanza, darizi baadaye. Mimi nashonea watu, naletewa hivi vitambaa kila mara. Mteja amedarizi mpaka ukingoni, hakuacha hata sentimita moja na nusu ya kushonea. Nikishona, nusu ya ua inaingia ndani. Nisiposhona, hakuna nguo. Chora umbo la kitu chako juu ya kitambaa kizima, USIKATE, darizi ndani ya mstari, ndipo ukate. Mishono ikiwa mingi kitambaa hujivuta kidogo, kwa hiyo ukikata kwanza kitakupungukia. Na kifue kabla hujaanza. Pamba hurudi, uzi haurudi kwa kiasi kile kile, mwisho wa siku ua lina makunyanzi kama limezeeka.

SindanoButu:
Fundi, ningekuwa najua ninachoshona nisingeanzisha uzi.

Nakshi:
Samahani kwa nitakaowaudhi, lakini kufuata maua yaliyochapwa si kudarizi. Ni kupaka rangi kitabu cha watoto, ila kwa sindano. Mdarizi huanza na kitambaa kitupu.

MamaPacha:
Haya, ameshafika.

TondooLaBibi:
Nakshi, shuka ngazi. Wanawake wa Bengali hupanga sari kuukuu tabaka juu ya tabaka na kuzipiga bandi mwanzo hadi mwisho, wanaita kantha. Sari zenyewe zilishakuwa na rangi na mapambo yake, na hata nyuzi walizichomoa kwenye pindo za sari hizo hizo. Nao utawaambia wanapaka rangi kitabu?

Halafu chapa haikwambii kila kitu. Ua limechapwa bapa. Ni wewe unayeamua petali ipi ije mbele na mshono ulale kuelekea wapi. Ukiulaza kila petali kuelekea kitovu cha ua, mwanga unashika kila petali kivyake. Ukiulaza wote upande mmoja, umepata kiraka. Na kuna pa kuacha. Mie siku hizi nadarizi ua moja kati ya matano, manne nayaacha na chapa yake, ndipo lile moja linaonekana. Ukijaza yote hakuna atakayejua kama palikuwa na chapa, na mkono wako umechoka bure.

Nakshi:
Kantha ni kitu kingine.

TondooLaBibi:
Kingine vipi?

Nakshi:
Ni kingine tu.

MamaPacha:
Kabla hamjapigana, onyo kuhusu foronya. Nilidarizi waridi katikati, limejaa vifundo vile vidogo vya kuzungusha uzi kwenye sindano. Zuri ajabu. Baba pacha akalilalia. Aliamka ana waridi shavuni, akaenda nalo kazini. Foronya ya kulalia weka maua ukingoni, katikati acha patupu.

Mtaratibu:
Na pazia msithubutu. Mchana jua likipiga kwa nje unaona kila uzi uliouvusha kwa nyuma kutoka ua hili hadi lile. Wageni wangu wanadhani ni ramani ya mabomba.

Zambarau77:
Sikutaka kuandika humu. Ila mliposema kitambaa kabatini nimeshindwa.

Mama alipolazwa nilikuwa nashinda naye wodini. Nilibeba kitambaa cha maua makubwa, fremu, na mfuko wa nyuzi. Mwanzo nilikuwa nadarizi mimi, yeye anachagua rangi. Siku moja akasema, "Nipe." Macho yalishapungua nguvu, mkono unatetemeka. Nikawa namtungia sindano, nyuzi 3 kati ya zile 6 zinazounda uzi mmoja wa kudarizi, urefu wa kuanzia vidoleni hadi kiwikoni maana ukizidi hapo unajisokota. Yeye anadarizi majani. Akayadarizi kwa zambarau. Nikamwambia, mama, hiyo zambarau, kijani ni hii hapa. Akasema, "Naona." Akaendelea. Mpaka leo sijui kama alikuwa haoni au ndivyo alivyoyataka.

Majani 9. La tisa liliishia nusu, sindano imechomekwa pale pale.

Baada ya mazishi nikakikunja vile vile na sindano yake, nikakiweka kabatini kwa mama. Sikukifua, kilikuwa bado kinanukia yeye. Baada ya muda wifi yangu akaja kusafisha nyumba. Kwa nia njema, anasema. Akakikuta, akaona kina madoa, akakiloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga pamoja na mashuka. Nyuzi nyekundu zilikuwa hazijawahi kuguswa na maji. Zikachuja zote. Alipoona ameharibu akakianika juani, kisha akakipiga pasi ya moto walau kinyooke. Sasa kitambaa kizima kina wingu la waridi.

Na lile jani la nusu akalimalizia. Kwa kijani. Anasema aliona limesahaulika.

MamaPacha:
ALILIMALIZIA???

Kisiki:
Huyo wifi aletwe humu ajieleze.

BintiBitana:
Nimeacha kila kitu. Pole sana dada.

Mtaratibu:
Tusimhukumu. Mtu kakuta kazi haijaisha, akaimaliza. Angejuaje?

MamaPacha:
Sindano ilikuwa imechomekwa, Mtaratibu! Sindano ikichomekwa maana yake mwenyewe anarudi!

Mtaratibu:
Mwenyewe alikuwa harudi.

MamaPacha:
Umesema nini wewe?

Kisiki:
Jamani taratibu. Mtaratibu, jina lako leo limekukana.

TondooLaBibi:
Zambarau, pole mwanangu. Kuhusu ile nyekundu, kilichoharibu zaidi ni kukausha na pasi. Rangi iliyochuja ikiwa bado mbichi, suuza maji baridi mengi, tena na tena, nyingi inatoka. Ikikaukia na kupigwa pasi inang'ang'ania. Jaribu hata hivyo: maji baridi, sabuni ya maji kidogo, loweka usiku kucha, badilisha maji kila yakigeuka rangi. Usitie dawa ya kung'arishia, utapoteza na zambarau.

Kisiki:
Chumvi na siki zinashika rangi, bibi yangu alikuwa anatumia.

FundiCherehani:
Chumvi na siki zirudishe jikoni. Nyuzi za siku hizi hazishikwi na hivyo. Nyekundu yoyote jaribu kabla: lowesha kipande cha uzi, kibane na kitambaa cheupe, ukiona waridi ujue.

Zambarau77:
Asanteni, ila sikuulizia madoa. Nauliza lile jani la kijani nilifumue au niliache?

MamaPacha:
Fumua leo hii.

Nakshi:
Usifumue. Ndiyo kumbukumbu kamili, na wifi yumo.

BintiBitana:
Fumua uache nusu vile vile ilivyokuwa.

Mtaratibu:
Limalizie kwa zambarau.

Kisiki:
Darizi wifi pembeni akiwa kichwa chini, kama ndege wa BintiBitana.

TondooLaBibi:
Ukifumua, usianzie mbele. Geuza kitambaa, kata nyuzi za kijani kwa nyuma kwa mkasi mdogo wa ncha, mbili tatu kwa wakati, kisha zichomoe mbele kwa kibano. Angalia sana pale kijani kinapokutana na zambarau. Kama wifi alipitisha uzi wake chini ya wa mama, ukikata kimoja umekata vyote.

SindanoButu:
Pole sana Zambarau. Mimi na kitambaa changu tumeona aibu kuuliza tena. Lakini bado nauliza.

FundiCherehani:
SindanoButu, tandika kitambaa chini, chukua karatasi kubwa, kata dirisha la ukubwa wa mto, na lingine la mkoba. Lisogeze dirisha juu ya kitambaa mpaka uone linapopendeza. Utajua ndani ya dakika 5. Na ukiamua mkoba, pitia ile mishono mirefu ya kujaza: yenye zaidi ya sentimita moja itanaswa na kila ufunguo utakaoubeba. Ipigie mishono midogo juu yake kuibana. Mgongoni weka gamu jepesi, kile kitambaa cha kuongeza ugumu, kabla ya bitana.

MamaPacha:
Au kitundike ukutani, yaishe.

FundiCherehani:
Ukutani hapana faida. Jua litakula rangi.

MamaPacha:
Si ukuta wote una jua, Fundi.

Zambarau77:
Nimegeuza. Sikuwahi kukitazama nyuma tangu siku ile.

Mama hakufunga kifundo hata kimoja. Kila jani jipya alianza kwa kupenyeza uzi chini ya mishono ya jani lililotangulia, kwa hiyo majani yote ya zambarau yameshikana kama mnyororo, mpaka lile la tisa. Mimi ndiye sikujua hilo, na mimi ndiye niliyekuwa namtungia uzi. Wifi amefunga kifundo kikubwa kama punje ya mtama, kimekaa peke yake, hakijagusa uzi wa mama.

Kwa hiyo kinakatika. Mkasi ninao hapa. Nimekaa nao tangu saa mbili.

TondooLaBibi:
Basi ngoja asubuhi, mwanangu. Usifumue kwa taa.

Kisiki:
Kwa mara ya kwanza sina cha kusema.

SindanoButu:
Nimekata dirisha la karatasi. Kwenye mto hapana. Kwenye mkoba, aisee, pametulia. Nakata mkoba.

BintiBitana:
Maua yako yana juu na chini?

SindanoButu:
Subiri.