Breka ya hita ya bafuni inaruka, fundi anataka kuweka ya 32

Kibopa_wa_Segerea: Wakuu habari za jioni. Nina hita ya shawa, ile ya papo kwa papo, imeandikwa 5500W, breka yake kwenye DB (kile kisanduku cha breka) ni ya 20A. Wa kwanza anaoga fresh, wa pili naye anamaliza, wa tatu ana povu kichwani breka hiyo inaruka. Fundi kasema breka imechoka, ninunue ya 32A apachike, kazi ya dakika tano. Dukani ziko za bei chee na za bei ya kukaza, zote C32, nichukue ipi?

Fundi Mwanga: Kabla ya breka mkuu, waya ni wa ngapi? Breka inalinda waya, hailindi hita. 5500 gawa kwa 230 unapata karibu 24A, yani inazidiwa kidogo tu, ndani kuna kichuma kinapata moto taratibu kikipinda kinaachia, ndo maana inasubiri mpaka wa tatu. Ingekuwa shoti ingeruka papo hapo. Hiyo breka ni nzima kabisa.

Kibopa_wa_Segerea: Nimempigia, anasema soketi na hita zote alivuta waya wa 2.5mm

Fundi Mwanga: Basi usithubutu. Ukiweka 32 breka itatulia tuli, kitakachoiva ni waya ndani ya ukuta. Avute 6mm peke yake toka DB mpaka swichi ya hita, pamoja na eathi yake, halafu ndo C32. Kuna watu watakwambia 4mm inatosha, kwa joto la Dar na paipu iliyojaa waya mimi siweki.

mama_dukani: Naongezea, breka ichukue ya kampuni ileile ya DB yako. Kile kipande cha shaba kinachogawia breka umeme hakikai sawa kwenye breka ya kampuni nyingine, skrubu unaona umekaza kumbe imebana ncha tu, baada ya miezi plastiki inaanza kuwa ya kahawia halafu harufu. Na usoni iwe imeandikwa 6000, yani inahimili kukata shoti ya hadi ampea 6000, za bei chee nyingine hata maandishi yanafutika kwa kidole 😂

Juma Volti: Kuzima breka moja haitoshi, zima men swichi, na hata hapo upande unaotoka mita ya LUKU bado una umeme, usiguse, wala sili ya TANESCO usiikate. Tafuta mtu mwenye leseni ya EWURA, apime kwa testa ndo ashike. Bafuni lazima kuwe na RCCB ya 30mA, ile inayokata umeme ukivuja, ibonyeze kile kitufe cha T, isiporuka ina shida.

Kibopa_wa_Segerea: Daah nashukuruni. Sasa mpaka waya uvutwe tunaogaje?

Fundi Mwanga: Kama ina kitufe cha joto weka la chini, inakula umeme kidogo. Kama haina, ndoo na jiko la gesi mzee.