Naomba ushauri: ninunue betri ya lithiamu sasa au nisubiri za sodiamu?

Wakuu, habari zenu. Nina saluni ya kiume Kahama, umeme ukikatika natumia sola. Betri zangu za jeli zimechoka: taa zinawaka vizuri, ila nikiwasha mashine ya kunyolea inverta inalia na kuzima, mteja kichwa nusu.

Fundi anasema nichukue lithiamu. Mdogo wangu ananikataza, eti za sodiamu zinakuja kwa bei ya kutupa, na nyingine zisizo na kimiminika ndani zinajaa chaji fasta. Hizo habari nimezisikia mpaka basi. Toyota mwaka 2017 walisema gari la betri hiyo isiyo na kimiminika lingetoka mwanzoni mwa miaka ya 2020. Siku hizi wanataja 2027 au 2028. CATL, kampuni ya betri ya China, walitangaza ya sodiamu 2021, madukani huku sijaiona.

Sikatai, nyingine hufika. Lithiamu ilifanyiwa utafiti tangu miaka ya 1970, Sony wakaiingiza sokoni 1991. Lakini hiyo ni miaka karibu ishirini, na wateja wangu wananyoa Jumamosi hii!

Kuna aliyewahi kufunga ya sodiamu kwake ikakubali? Na lithiamu feki nitaijuaje kabla sijatoa hela?