Pikipiki cc 125 inazidiwa mlimani, nifunge bloku ya 150?

kona_za_soni: Habari wakuu. Nina Mchina cc 125, injini ya CG ile ya pushirodi, napiga nayo boda Mombo kwenda Lushoto. Nikipakia abiria na mfuko wa saruji gia namba tatu haivuti kabisa, narudi namba mbili napanda nayo hivyohivyo inalia mpaka juu na injini inachemka. Fundi anasema tufunge bloku (silinda na pistoni yake) ya 150 na tutoe airkilina, chujio la hewa, ipumue. Ndo inayonilisha hii, sitaki kuiua. Ushauri wenu tafadhali

jino_moja: Mkuu kabla ya bloku angalia spoketi. Kama una meno 15 mbele na 42 nyuma, weka 14 mbele, ni sawa na kufunga 45 nyuma na bei yake ndogo. Spidi ya tambarare itapungua kidogo ila mlimani utaona tofauti siku hiyohiyo, we unabeba mzigo hushindani na mtu

mafuta_na_moto: Naongezea hapo. Seti tapeti kwanza, yaani nafasi ya valvu, CG125 ya Honda ni 0.08 mm injini ikiwa ya baridi, tumia fila geji (bati jembamba la kupimia) sio mkono, valvu ikibanwa haifungi vizuri kompresheni inavuja na nguvu zinaondoka. Halafu panda mpaka Lushoto ukifika zima ufungue plagi uiangalie, ikiwa nyeusi ina masizi makavu petroli imezidi, na huko juu ni kawaida maana umepanda karibu mita 1,000 hewa inakuwa nyepesi, ikiwa nyeupe petroli haitoshi na hapo ndo pistoni inaungua, unataka rangi ya kahawia.

Airkilina usitoe ndugu yangu!! Hewa inaongezeka jeti (tundu la petroli kwenye kabureta) ni ileile, petroli inakuwa pungufu, na vumbi lote linaenda kusaga ringi na silinda

kona_za_soni: Asanteni sana. Kwa hiyo bloku niachane nayo?

mafuta_na_moto: Inafanya kazi ila ni kazi kamili, sio ya jioni moja. Pistoni ya 125 upana ni 56.5 mm, ya 150 ni 62, stroku (mwendo wa pistoni juu na chini) zote 49.5, unapata kama cc 25 zaidi. Silivu ya 62, bomba la ndani ya bloku, mara nyingi haiingii kwenye kesi ya injini ya 125 mpaka kesi ichongwe kwa tono, mashine ya kuchonga chuma, ukibakiza hedi ya zamani kompresheni inapanda injini inaanza kugonga ukiikaba mlimani, na jeti lazima uongeze. Fundi wako muulize atachonga wapi na ataweka jeti namba ngapi, akisema jeti ibaki ileile usimpe pikipiki

jino_moja: Na klachi pia, sahani zikiwa zimeisha hata ufunge 200 itateleza tu. Anza na hiyo 14 halafu utuambie namba tatu inasemaje